Tanzania na majirani zake wanane: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu biashara na sera ya nje

Maswali haya yametoka kwa watu wa aina tatu: wafanyabiashara wanaovuka mpaka na mzigo, wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, na shemeji yangu mmoja ambaye kila tukikutana msibani lazima aulize kwa nini "hawa jirani zetu" wamefanya hivi au vile. Riziki yangu nimeitafuta kwa miaka kwenye uwakala wa forodha, kwa hiyo majibu haya yananukia wino wa mihuri. Asiyetaka historia aruke moja kwa moja hadi swali la mzigo mdogo.

Tanzania ina majirani wangapi, na idadi hiyo ina maana gani?

Wanane, ukihesabu mipaka ya nchi kavu na ya maziwa: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Watano kati yao hawana bahari kabisa: Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Wa sita, Kongo, ana kipande kidogo cha pwani upande wa Atlantiki, lakini mtu wa Lubumbashi au Bukavu hana faida nacho. Kwake bahari ya karibu ni hii yetu. Wanaobaki ni Kenya na Msumbiji, wenye bandari zao.

Ukishika hesabu hiyo, mengi yatakayofuata yataeleweka. Majirani sita ni wateja wa barabara, reli na bandari zetu. Kenya ni mteja pia, lakini ni mshindani kwanza: wa bandari, wa viwanda, wa watalii na hata wa anga. Kwa kuangalia miaka mingi, tabia ya nchi yetu ni hii: kwa mzigo unaopita tuna ukarimu, kwa mzigo unaokuja kubaki tuna mkono mzito.

Sera ya nje imeandikwa wapi, na inasema nini?

Ipo Sera ya Taifa ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001, iliyofanyiwa mapitio na kupata toleo jipya la 2024, ambalo Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua Dar es Salaam mwezi Mei 2025. Msimamizi wake ni Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki.

Kabla ya 2001 hatukuwa bila msimamo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994, na wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe, Angola, Namibia na Afrika Kusini walipita hapa. Enzi hizo sera yetu ilikuwa ya ukombozi, na gharama yake hatukuipigia hesabu. Sera ya 2001 ndiyo iliyoleta msemo wa "diplomasia ya uchumi": balozi aende na bendera, lakini arudi na soko. Toleo jipya limeongeza uchumi wa buluu, diaspora na kukitangaza Kiswahili. Kiswahili chenyewe kimekwisha kupiga hatua. SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikikubali kuwa lugha yake rasmi katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, Agosti 2019.

Kwa nini tuko EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) na SADC, lakini COMESA tulijitoa?

Tulijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, wakati wa Rais Benjamin Mkapa. Sababu zilizotolewa zilikuwa gharama za uanachama wa jumuiya nyingi zenye kazi inayofanana, pamoja na hofu ya kupoteza mapato ya forodha na kuviacha viwanda vichanga uwanjani na wakubwa.

Wengi walishangaa, kwa sababu majirani saba kati ya wanane wamo COMESA. Asiyekuwemo ni Msumbiji peke yake. Lakini chukua kalamu uchore. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tunao EAC. Zambia, Malawi, Msumbiji na Kongo tena tunao SADC. Jumuiya mbili zinamgusa kila jirani. Ya tatu ingetuongezea hasa nchi za mbali, Misri ikiwemo, na Misri ina viwanda.

Usumbufu wake unaonekana kwenye karatasi. Mzigo wa Nairobi unakuja na cheti cha uasili (karatasi inayoonyesha bidhaa ilizalishwa wapi) cha EAC, wa Ndola unakuja na cha SADC. Nimewahi kuletewa cheti cha COMESA kutoka Zambia kwa mzigo unaobaki Mbeya. Mwenye mzigo alikuwa na uhakika kabisa kwamba kipo sahihi, na kwa majirani wengine angekuwa sahihi. Kwetu ni karatasi tu.

Ni kweli mpaka wa Tanzania na Kenya uliwahi kufungwa?

Ulifungwa Februari 1977, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa 1967, ilikuwa inakufa: shirika la ndege la pamoja limesimama, reli zinagawanywa, Kenya inalalamikia ujamaa wetu na sisi tunalalamikia ubepari wao. Vijana waliozaliwa Namanga mwaka huo walifikia umri wa kuanza shule hawajamwona mtu akivuka kihalali kwenda dukani ng'ambo.

Mgawanyo wa mali na madeni ulikuja kukamilika kwa makubaliano ya Mei 1984, msuluhishi akiwa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi. Katikati ya hayo tulikuwa tumekwisha kupigana na Idi Amin, na majeshi yetu kuingia Kampala Aprili 1979. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Sasa ni nchi nane.

Watu wakiuliza kwa nini Tanzania "inachelewa chelewa" kwenye mambo ya Jumuiya, mimi huwakumbusha 1977. Waliokuwa maofisa vijana mwaka ule ndio waliokaa kwenye meza ya mazungumzo ya 1999.

Vifaranga wa 2017: kulikuwa na nini?

Mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliokuwa wameingizwa kutoka Kenya walikamatwa Namanga, wakateketezwa kwa moto. Maelezo ya serikali yalikuwa hatari ya mafua ya ndege na uingizaji usiofuata sheria. Kipindi hichohicho ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliokutwa wakichungia upande wetu walipigwa mnada.

Kisheria kulikuwa na hoja: kifaranga asiye na kibali cha mifugo ni magendo. Kidiplomasia, picha za maboksi yakiungua zilituumiza kuliko magendo yenyewe. Na Mmasai wa pale anajua kwamba nyasi hazijawahi kusoma ramani. Ukame ukipiga upande mmoja, mifugo inahamia mwingine, kama ilivyokuwa kabla Wajerumani na Waingereza hawajagawana.

Nini kilibadilika mwaka 2021?

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, kisha siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti. Wiki mbili hazijaisha, Rais John Magufuli akafariki. Rais Samia alipoapishwa, moja ya safari zake za mwanzo kabisa ilikuwa Nairobi, mwezi Mei, ambako alizungumza na mabunge yote mawili ya Kenya. Yeye na Rais Uhuru Kenyatta waliwaagiza mawaziri wao wakae wamalize orodha ya vikwazo vya biashara visivyo vya kiushuru.

Mpakani tuliiona tofauti ndani ya miezi. Jambo ambalo mwaka uliotangulia lingehitaji barua tatu, sasa lilihitaji simu moja. Sheria zilikuwa zilezile.

Nina mzigo mdogo. Si wanasema ndani ya Jumuiya hakuna ushuru?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na watu wanaumia kwa kulijibu nusu.

Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005. Maana yake bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, ikiwa na cheti cha uasili, hailipi ushuru wa forodha ikivuka kutoka nchi mwanachama mmoja kwenda mwingine. Bidhaa ya nje ya Jumuiya inalipa viwango vya pamoja: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa ambazo hazijakamilika, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 kuna daraja la nne la asilimia 35 kwa bidhaa ambazo tunaweza kuzitengeneza wenyewe vya kutosha.

Sasa sikiliza vizuri. Kusamehewa ushuru wa forodha si kusamehewa kila kitu. Kodi ya Ongezeko la Thamani ipo palepale: asilimia 18 ukiingiza Tanzania Bara, 16 ukiingiza Kenya, kwa bidhaa zinazotozwa kodi hiyo. Ushuru wa bidhaa upo kwa vitu kama bia na sigara. Kuna ada za ukaguzi. Mtu anayesafiri na fedha ya nauli tu kwa sababu ameambiwa "ni bure" ndiye unayemkuta amekaa juu ya mzigo wake hadi jioni.

Kwa mfanyabiashara mdogo kuna njia iliyorahisishwa. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kwa thamani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya, unapata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani. Huhitaji kwenda Dar es Salaam wala Nairobi kukitafuta. Huhitaji hata wakala, na hapo ninajiharibia soko mwenyewe.

Neno la kushika ni "uliozalishwa". Mama mmoja alifika dirishani kwangu na marobota mawili ya mitumba.

"Mwanangu, hii imetoka Kenya, nipe ile karatasi ya bure."

"Mama, shikamoo. Hii imenunuliwa Kenya. Haikuzaliwa Kenya."

Akacheka, lakini kodi haikucheka. Mitumba, kanga za India, simu za China, mchele wa Pakistani: kununuliwa Gikomba au Kariakoo hakuvifanyi viwe vya Afrika Mashariki. Kwa upande mwingine, vitunguu vya Mang'ola, machungwa ya Muheza, dagaa wa Mwanza na mchele wa Kyela vina haki ya cheti bila ubishi.

Mazao yana karatasi ya ziada, cheti cha afya ya mimea, ambacho huku kwetu hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Mifugo, nyama na mayai ni kibali cha mifugo. Kosa la kawaida ni namba zisizolingana. Niliwahi kupeleka lori la vitunguu ambalo nilikuwa nimeandika uzito mmoja kwenye ankara na mwingine kwenye cheti. Kosa langu, usiku, taa imezimika, ninatumia tochi ya simu. Lori lililala siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu dereva alinipigia akasema, "Bosi, vitunguu vimeanza kuota, nivimwagilie?"

Kituo cha pamoja cha mpakani kinafanyaje kazi?

Unasimama mara moja badala ya mbili. Ukitoka Tanzania kwenda Kenya kupitia Namanga, unavuka hadi jengo la Kenya, na humo ndani unawakuta maofisa wa nchi zote mbili: wetu anakugongea kutoka, wao anakugongea kuingia. Vituo vya namna hii viko Holili, Horohoro, Sirari, Mutukula, Rusumo, Kabanga na Tunduma, pamoja na Namanga, ambacho marais Magufuli na Kenyatta walikifungua Desemba 2018.

Jengo moja halimaanishi foleni moja. Tunduma malori ya kwenda Zambia na Kongo hujipanga kilomita kwa kilomita, na kuna utingo wanaomjua kila mama lishe wa barabara ile kwa jina.

Kwa nini mahindi yanaleta ugomvi kila baada ya miaka michache?

Kwa sababu mahindi ni chakula, ni biashara na ni siasa, vyote ndani ya gunia moja. Mwaka wa mavuno mazuri serikali humwambia mkulima auze popote. Mwaka wa njaa humwambia asubiri. Mkulima wa Rukwa au Songea hawezi kupanga kilimo chake kwa mwendo huo, na mnunuzi wa Kenya hali kadhalika.

Mwaka 2023 Tanzania ilikaza masharti: anayesafirisha nafaka nje awe na leseni ya biashara na namba ya mlipakodi za Tanzania, na kibali cha kusafirisha. Wanunuzi wa Kenya waliozoea kuja na fedha taslimu hadi shambani wakajikuta malori yao yamekwama Namanga. Mwaka uliofuata mambo yakageuka: Zambia ikapigwa na ukame mkali, na Tanzania, kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ikakubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Hapo hakuna aliyelalamika kwamba mpaka uko wazi mno.

Mchele una kisa chake. Kiwango cha pamoja cha Jumuiya kwa mchele wa nje ni asilimia 75, lakini Kenya imekuwa ikiomba na kupewa ruhusa ya kutoza 35, ili watu wake wapate mchele rahisi wa Asia. Mkulima wa Mbarali na Kyela anapokosa bei nzuri Nairobi, sehemu ya jibu iko kwenye ruhusa hiyo.

Malawi na Afrika Kusini mwaka 2025: tuliwafungia kweli?

Ndiyo, kwa siku chache. Malawi ilikuwa imezuia bidhaa kadhaa kutoka nje, zikiwemo unga, mchele, tangawizi na ndizi, na wakulima wetu wa nyanda za juu kusini ndio walioumia. Afrika Kusini kwa miaka ilikuwa haipokei ndizi zetu. Aprili 2025 Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alitoa muda, ulipopita akatangaza kwamba mazao ya nchi hizo mbili hayaingii Tanzania, na akagusia hata mbolea inayopita hapa kwenda Malawi.

Mazungumzo yakaanza haraka na zuio likaondolewa. Wapo waliopongeza, kwamba mara hii tumesema kwa vitendo. Kwangu mimi, kufungia mazao ni jambo moja. Kutaja mzigo unaopita ni jingine. Bandari inaishi kwa sifa ya kutokumuuliza mteja ana ugomvi gani na mwenye nyumba. Mteja akishaona kwamba mbolea yake inaweza kugeuzwa rungu, ataanza kuuliza njia ya Beira na Nacala.

Mgeni kutoka Kenya au Uganda anaweza kufungua duka Tanzania?

Julai 2025 ilitoka amri ya Wizara ya Viwanda na Biashara inayozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Zimo biashara za jumla na rejareja (isipokuwa maduka makubwa ya supamaketi na vituo maalumu vya jumla), uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji watalii, uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kupoteza viza na kibali cha ukaazi. Mtanzania anayemfunika mgeni naye ana adhabu yake.

Kelele zilizozaa amri hiyo zilitoka Kariakoo, na zililenga hasa Wachina. Lakini maneno "wasio raia" hayakumtoa Mkenya wala Mganda, na Kenya ilipinga wazi, ikitaja Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kazi Julai 2010, inayotambua haki ya mwana Jumuiya kuanzisha shughuli katika nchi nyingine mwanachama. Hoja ya Kenya ina uzito. Hoja ya mwenye fremu ya duka Mtaa wa Narung'ombe, anayelipa pango na kushindana na muuzaji anayeagiza kutoka kiwandani kwa kaka yake, nayo ina uzito. Kosa ni kuzitia hoja mbili kwenye sentensi moja ya amri.

Ardhi ni suala jingine. Mgeni hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa utaratibu wa uwekezaji, na itifaki yenyewe iliacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Hapo tulisimama imara tangu mwanzo wa mazungumzo, na sijakutana na Mtanzania anayelijutia hilo.

Bandari ya Dar es Salaam inawahudumia nani, na nani anataka kutunyang'anya?

Kongo na Zambia ndio wateja wakubwa wa mzigo wa nje, kisha Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda. Shaba na kobalti zinashuka, mafuta, magari na mbolea vinapanda. Kwa Katanga njia ni Tunduma, kukatiza Zambia hadi Kasumbalesa. Kwa Kivu ni Rusumo kupitia Rwanda, au Kigoma na kuvuka ziwa.

Urafiki wa Zambia ulijengwa kwa chuma. Smith wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) alipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilibanwa njia zake za kusini. Bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Ndola 1968, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikajengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukamilika miaka ya sabini. TAZARA ilichoka kwa miaka mingi, malori yakala mzigo wake, lakini deni la heshima halijafutika. Mzee wa Kizambia akikukuta Tunduma unalalamika kuhusu foleni, atakukumbusha Kaunda na Nyerere kabla hujamaliza.

Washindani wapo: Mombasa kaskazini; Beira, Nacala na Durban kusini; na sasa Lobito ya Angola, ambayo Marekani na Ulaya zinaisukuma ili shaba ielekee Atlantiki. Ndiyo sababu serikali iliikabidhi DP World, kampuni ya Dubai, sehemu ya magati mwaka 2023, kwa mkataba wa miaka 30 uliozua mjadala mkali nchini, na ndiyo sababu reli mpya ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma 2024, haikupangwa kuishia Mwanza na Kigoma, bali kuingia Burundi kutokea Uvinza hadi Musongati.

Kwa nini Uganda ilileta bomba la mafuta Tanga, si Kenya?

Uamuzi ulitangazwa Aprili 2016. Kenya ilikuwa na matumaini ya Lamu, lakini Tanga ilishinda kwa gharama, usalama wa njia na bandari yenye kina. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linapashwa moto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda ni mazito kama nta na huganda yakipoa.

Tunauziana umeme?

Bwawa la Rusumo, megawati 80, linagawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi. Njia kubwa ya kutuunganisha na Kenya kati ya Singida na Isinya iliwashwa Desemba 2024. Rais aliposema mikoa ya kaskazini inaweza kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, mitandao iliwaka: tuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, tunanunua umeme wa nini? Jibu la kiufundi ni la kweli, ingawa halina mvuto. Umeme unapotea ukisafirishwa kutoka Rufiji hadi Kilimanjaro, na mara nyingine wa jirani unafika ukiwa rahisi zaidi.

Ugomvi wa ndege wa Januari 2024 ulikuwa wa nini?

Kenya ilikuwa haijaipa Air Tanzania ruhusa ya kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi ya tatu. Tanzania ikatangaza kufuta safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam kuanzia tarehe 22. Kufumba na kufumbua, kesho yake pande mbili zilikuwa zimeelewana, kabla hata ndege moja haijazuiwa.

Kwa nini Tanzania ilikataa kusaini EPA na Ulaya?

EPA ni mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 tulisema ungefungua soko letu kwa bidhaa za Ulaya kabla viwanda havijakua. Lakini tulikuwa na uwezo wa kusubiri: sisi tumo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, na nchi hizo huuza Ulaya bila ushuru kila kitu isipokuwa silaha. Kenya haimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo maua yake yalikuwa hatarini. Mwishowe ilisaini peke yake Desemba 2023. Tuliitwa wakaidi, nao wakaitwa wasaliti. Kila mmoja alikuwa anapiga hesabu zake tu.

Wanajeshi wetu wanafanya nini nchi za jirani, na biashara inahusikaje?

Mwaka 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ziliunda kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa kilichopigana na waasi wa M23 mashariki mwa Kongo. Desemba 2023 zilirudi tena chini ya SADC, na ujumbe huo ukafungwa 2025, baada ya M23 kuteka Goma na Bukavu. Msumbiji tulikwenda pia na SADC, kwa sababu moto wa waasi wa Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyo, ulikuwa umekwisha kuvuka mto Ruvuma: Kitaya, mkoani Mtwara, ilishambuliwa Oktoba 2020.

Ugumu ni kwamba Kongo na Rwanda wote wawili ni wenzetu ndani ya EAC, na wote ni wateja wa bandari. Mkutano wa pamoja wa EAC na SADC ulifanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, na pahali pale palifaa. Nchi nyingine isingeweza kuwaita wote wawili bila mmoja kununa.

Ziwa Nyasa ni la nani?

Malawi inashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 na kusema maji yote ni yake hadi ufukwe wetu. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. Mambo yalipamba moto Malawi ilipotoa leseni za kutafuta mafuta ziwani, kisha yakapelekwa kwa jopo la marais wastaafu likiongozwa na Joaquim Chissano. Wavuvi wa Mbamba Bay na wa ng'ambo wanaendelea kuuziana usipa.

Sarafu moja ya Afrika Mashariki inakuja lini?

Itifaki ilisainiwa Novemba 2013, lengo likiwa 2024. Sasa inatajwa 2031. Weka akiba yako kwa shilingi.

Nimeonewa mpakani. Nianzie wapi?

Anza palepale, kwa msimamizi wa kituo, na uombe sababu kwa maandishi. Maneno ya mdomo hayana tarehe. Kila nchi ya Jumuiya ina kamati ya taifa ya vikwazo visivyo vya kiushuru, na kuna mfumo wa intaneti wa pamoja kwa EAC, COMESA na SADC ambako malalamiko husajiliwa na kupewa namba. Ikiwa nchi imevunja Mkataba wenyewe, mtu binafsi anaweza kufungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, bila kupitia serikali yake. Muda ni miezi miwili tangu kitendo kutokea au tangu ulipokijua. Watu wengi huniletea faili mwezi wa tatu.